Pua za Ndege

Ndege ilikuwa imeruka mara kadhaa, na kila iliporuka Syokau alibaki chini mkono kifuani, akiifuata kwa macho mpaka shingo ikamuuma. Lakini hizo zilikuwa siku za jua. Mtu akiinua uso aliiona, nyeupe, ndogo, ikizungukazunguka juu ya Lang'ata kama mtoto aliyetumwa dukani akaambiwa asipite kona. Alichotaka mumewe sasa kilikuwa kingine kabisa. Alitaka ndege hiyo waliyoiunda wenyewe nyuma ya nyumba yao Riruta iingie mawinguni, ipotee machoni pa watu, na irudi kwa kusoma geji peke yake. Tena kwa ruhusa ya serikali, yenye muhuri.

Siku moja alikuwa amemletea mumewe muthokoi wa mahindi na maharagwe kule uwanja wa ndege. Nthiwa alikuwa amejilaza chali chini ya ubao wa geji, miguu nje, tochi mdomoni. Kimanzi, mwana wao, alikuwa anapangusa kioo. Syokau aliweka chakula kwenye kiti, akaanza kuikagua ndege kwa vidole kama anavyokagua gauni la mteja. Kitambaa cha mabawa na cha kiwiliwili alikuwa amekishona yeye, kwa cherehani yake ya miguu, na kila mshono aliujua.

"Baba Kimanzi, mbona hapa kuna tundu? Mimi sikuacha tundu hapa."

"Niliweka mimi," Nthiwa alijibu na tochi yake mdomoni. "Kuna ingine upande ule."

"Ya kazi gani?"

"Hizo ni pua zake. Hapo ndipo inapumulia."

"Ndege inapumua?"

"Aki Mama Kimanzi, wachana na hiyo. Nikianza kukueleza tutalala hapa. Wewe jua tu ni pua."

Kimanzi alicheka. Syokau naye akacheka, maana mtu akichekwa na watu wake afanyeje, lakini ilimchoma. Alishona mabawa yote mawili mpaka vidole vikafanya sugu, na hakuna aliyemwambia kwamba kushona ni jambo refu la kueleza. Alilitazama tena lile tundu. Lilikuwa dogo, katikati ya kisahani cha bati kisichozidi kifungo cha koti. Sindano yake nene ingepita, uzi usingepita.

Sheria ilikuwa imewatoa jasho. Ilitaka geji ya kuonyesha upeo wa dunia mtu asipouona. Ilitaka redio mbili, chombo cha kujitambulisha kwa rada, na mrija wa mbele wenye umeme ndani usigande kwa baridi. Mwisho ilitaka saa yenye mshale wa sekunde, na haikutaka ya mkononi wala ya ukutani, ilitaka iliyofungwa kwa skrubu mbele ya rubani. Nthiwa, aliyekuwa ametengeneza ndege za watu maisha yake yote, aliyasaka hayo moja moja, mengine yakitoka kwenye ndege zilizokufa. Kulikuwa na kitu kimoja ambacho sheria haikukidai: kivali kidogo cha kufungulia hewa ya ndani, ikitokea zile pua za ubavuni zimeziba. Nthiwa alikijua na alikitaka. Lakini pesa za mwisho zilimezwa na saa ya mshale wa sekunde, akasema kivali kitangoja.

Yote yalikuwa kwa ajili ya Kimanzi. Kijana alikuwa na leseni, ila leseni ya jua. Kampuni zote alizobishia hodi ziliuliza swali moja, je, ana cheti cha kuruka mawinguni, na aliposema bado, walimwambia atapigiwa simu. Nairobi ya Julai haina kazi kwa rubani wa jua. Kukodi ndege ya chuo kwa masaa yote yaliyotakiwa hawangeweza hata wakiuza cherehani na kitanda. Basi baba akaunda ndege, na Kapteni Ndegwa wa Loresho, rubani mstaafu aliyemjua Nthiwa tangu wote wawili wana nywele, akakubali kumfunza kijana bure.

Kulikuwa kumebaki siku moja tu ya maana, siku ya kwanza ya kuingia wingu la kweli.

*

"Huko ndani kunakaaje?" Syokau aliuliza usiku mmoja wakila.

"Mathe, ni kama mtu amekufunika blanketi," Kimanzi alisema. "Masikio yanakudanganya. Unafeel uko straight, kumbe umelala upande. So huamini mwili yako. Unaamini geji pekee."

"Na geji ikidanganya?"

Nthiwa aliweka kijiko chini. "Geji nimefunga mimi. Zitamdanganya aje?"

Syokau hakuuliza tena. Lakini lile blanketi lilikaa naye. Alilishona ndani ya kila nguo wiki ile, na Jumapili akaenda nalo kanisani.

Pasta Jamleck aliwaambia watu wainue mafuta yao yaombewe. Wengine waliinua chupa za mafuta ya zeituni. Syokau aliinua kikopo cha mafuta mazito ya kujipaka, yale ya mgando, kwa sababu chupa ilikuwa imemmwagikia mkobani mwaka uliopita na kumharibia leso mbili. Pasta hakujali ni ya aina gani. Aliomba mpaka sauti ikakauka. Kisha akasema, "Nenda upake pale unapoogopa. Paka pale uhai unapoingilia!" Watu wakaitikia amina. Syokau aliitikia kwa nguvu kuliko wote, na machozi yalimtoka, kwa sababu aliona kama Mungu amemtajia mahali penyewe.

*

Asubuhi ya siku yenyewe mbingu ilikuwa imeshuka hadi kwenye mapaa. Wingu lilikuwa jivu tupu kutoka Mountain View hadi Ngong, na baridi ilikuwa ya kuuma meno. Kapteni Ndegwa alilitazama akafurahi.

"Hii ndiyo darasa," alisema. "Kimanzi, leo utajua kama wewe ni rubani."

Mkewe Wanjira alikuwa amekuja naye, amevaa koti refu na buti safi. Alitazama viti vya plastiki vilivyokuwa na umande, akamgeukia Syokau. "Mama, tafadhali nipangusie hiki kimoja."

Syokau alikipangusa kwa leso yake. Nthiwa aliona, akajifanya anatafuta spana. Ni Kimanzi aliyesema, "Huyo ni mum yangu," na Wanjira akashika mdomo, akaomba msamaha mara mbili, na hilo likawa baya kuliko kiti.

Kisha ukaguzi. Kimanzi aliizunguka ndege polepole, akigusa alichotakiwa kugusa. Alipofika kwenye yale matundu alipiga magoti akamulika. "Clear." Akaenda upande wa pili. "Clear." Nthiwa akamfuata nyuma na tochi yake, akamulika tena, akaitikia kwa kichwa. Matundu yalikuwa wazi.

"Sasa tuombe," alisema Syokau. Alikuwa amemwomba Pasta Jamleck aje, naye alikuja kwa bodaboda, suti yake imelowa mabegani. Nthiwa aliona haya mbele ya Kapteni, lakini Kapteni mwenyewe alivua kofia. Wakasimama nusu duara, wakainamisha vichwa, wakafumba macho. Pasta hakuwa mtu wa sala fupi.

Syokau hakufumba. Alirudi nyuma hatua kwa hatua hadi ubavuni mwa ndege, akafungua kikopo, akachota kwa kidole gumba. Kimanzi alipokuwa mchanga, Julai kama hii, alikuwa akizibwa na mafua hata hawezi kunyonya, na Syokau alikuwa akimpaka mafuta ya mgando puani, kidogo kidogo, mpaka pumzi ifunguke. Alipaka vivyo hivyo. Alisukuma kwa kidole mafuta yaingie ndani, akalainisha juu yasionekane kama uchafu, akainama chini ya mkia akaenda kupaka pua ya pili. Moyo ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze. Pasta aliposema amina, Syokau alikuwa ameshasimama mahali pake.

Kimanzi alimkumbatia. "Usistress, mathe. Tunarudi chai ikiwa moto."

Akapanda na Kapteni. Ndege ikakimbia, ikainuka, na wingu likaimeza papo hapo.

*

Nthiwa alikuwa na redio ya mkononi. Wote wanne waliizunguka.

"Dad," sauti ya Kimanzi ilikuja, bado imetulia. "Geji ya urefu imekwama. Tumepanda lakini bado inasoma ya uwanjani."

"Gonga kioo."

"Nimegonga. Speed nayo inashuka, na injini iko full. Captain anasema tunapoteza nguvu. Anashusha ndege ipate speed."

"GPS ya simu ya Kapteni inasema mko juu kiasi gani?"

"Inarukaruka. Saa hii inasema hivi, saa hii vile. Dad, tunaamini gani?"

Uso wa Nthiwa ulibadilika. "Kuna kitu imeziba," alijisemea. "Ama ni mrija wa mbele, ama ni zile tundu za kando. Lakini zile tundu nimemulika mwenyewe. Nimemulika mwenyewe! Basi ni mrija." Akabonyeza redio. "Kimanzi, moto wa mrija umewashwa?"

"Umewashwa."

"Tundu gani?" Syokau aliuliza.

"Nyamaza!"

"Baba Kimanzi, ni tundu gani—"

"Nyamaza kwanza, mwanamke! Unaona nafanya nini?"

Wanjira alikuwa amemshika Pasta mkono, analia, "Fanyeni kitu, si mfanye kitu," na Pasta akaanza kuomba tena kwa sauti kubwa. Syokau alitazama kidole gumba chake. Kilikuwa bado kinang'aa. Hapo ndipo alipoelewa, bila kuelezwa na mtu. Alitaka ardhi impasukie aingie. Alijua akisema, maisha yake yote yatakuwa ya kusema jambo hilo moja. Aliona uso wa mumewe, akaona wingu, akamvuta mume kwa shati kwa nguvu mpaka kifungo kikakatika, na kumwambia sikioni kwa Kikamba kwamba pua amezipaka mafuta, zote mbili, wakati wa maombi.

Nthiwa alimtazama. Miaka yote ya ndoa Syokau hakuwa amewahi kutazamwa hivyo, na baadaye hakuweza kusema kama ilikuwa hasira au huruma. Kisha akageukia redio.

"Kimanzi, sikiliza. Ni tundu za kando, zimeziba zote. Speed yenu iko sawa, geji ndiyo inadanganya. Vunja kioo ya geji ya kupanda na kushuka, hewa ya ndani iingie. Vunja sasa."

"Dad, hiyo si ndiyo ile ulinunua—"

"Vunja!"

Redio ikanyamaza. Kisha ikaja sauti ambayo Syokau hakuijua kuwa ni ya mwanawe.

"Imefunguka. Dad, tuko chini. Tuko chini sana—"

Baada ya hapo ilisikika sauti ya Kapteni akifoka kwa Kiingereza, na injini ikilia, kisha hakukusikika kitu. Wanjira aliketi kwenye tope na koti lake. Syokau alibaki amesimama. Hakuomba. Aliogopa kuomba.

Walikuja kuisikia ndege kabla ya kuiona. Ilitokea chini ya wingu upande wa Ngong, mabawa yakiyumba, ikatua kwa kudundadunda, ikasimama mbali. Kapteni alishuka akapita wote, akaenda kumwinua mkewe. Kimanzi alishuka mkono umefungwa kwa tai ya Kapteni, damu ikidondoka kwenye kiatu. Aliinama kando ya gurudumu akatapika.

"Niliona ng'ombe," alimwambia mamake alipomfikia. "Kwa mlima. Mathe, aliniangalia."

Nthiwa hakwenda kwa mwanawe kwanza. Alikwenda ubavuni mwa ndege, akatoa hankachifu, akapangusa upande huu na upande ule, akaitia mfukoni. Kapteni aliporudi kuuliza, jibu lilikuwa tayari.

"Nilizifunika na plasta nikiosha ndege jana," alisema Nthiwa. "Nikasahau kutoa. Lazima imebandukia huko juu mlipopiga kasi."

"Nthiwa, mlimulika."

"Tulimulika vibaya."

Kimanzi alifungua mdomo. Baba yake alimtazama tu, akaufunga.

*

Nthiwa na Kimanzi waliitwa jijini, ghorofani, kwenye ofisi ya leseni za ndege yenye zulia. Syokau hakuwa ameitwa lakini alikwenda, amevaa suti yake ya harusi za watu. Afisa alikuwa kijana mwenye adabu, aliyemwita Nthiwa mzee na kumvutia kiti.

"Mzee, wewe kama fundi umekubali kosa lako," alisema baada ya kusoma. "Ndege haitaruka tena, hilo limeamuliwa. Lakini shida yangu si wewe. Sheria inasema rubani aliyeikagua ndege ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu ukaguzi. Kama tundu zilikuwa na plasta na yeye akasema ziko clear, basi hakukagua. Hiyo leseni siwezi kuiacha."

Nthiwa alishtuka waziwazi. Alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa hilo. Katika haraka yake ya kumfunika mke, alikuwa amemvua mwana.

"Lakini makosa ni yangu," alisema.

"Ni yenu wawili, mzee."

"Si yao," Syokau alisema. Alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango, na wote waligeuka. "Ni mimi. Tundu zilikuwa wazi. Mtoto aliangalia, baba yake akaangalia, zilikuwa wazi. Mimi ndiye nilizipaka mafuta ya maombi watu wakiwa wamefunga macho."

Afisa akatabasamu kwa huzuni, na tabasamu hilo lilimuumiza Syokau kuliko yote aliyokuwa amejiandaa kuyapokea.

"Mama, naelewa. Hata mamangu angesema hivyo."

"Sisemi uongo."

"Basi nikwambie kitu ndio ujue unasema nini." Aliweka kalamu mezani. "Kuziba kifaa cha ndege inayotaka kuruka, na watu wako ndani, ni makosa ya jinai. Si ya ofisi hii, ni ya kotini. Ni jela, mama. Nikiandika hayo maneno, siwezi kuyafuta. Niandike?"

"Andika."

"Subiri kwanza." Afisa alimgeukia Kimanzi. "Wewe ndiye ulimulika. Niambie ukweli tu. Tundu zilikuwa wazi, ama hazikuwa wazi?"

Kimanzi alikuwa anatazama kiganja chake, bandeji imeanza kuwa nyeusi pembeni. Hakuna aliyekuwa amemweleza lolote nyumbani. Sasa alijua. Alimtazama mamake mara moja, haraka, kisha akaitazama leseni iliyokuwa mezani, picha yake ndani akiwa anacheka.

"Sikuangalia vizuri," alisema.

"Kimanzi!" Syokau alisimama. "Kimanzi, sema uliangalia! Mwambie!"

"Sikuangalia vizuri, afande. Nilikuwa na haraka. Mum anasema hivyo juu ananipenda."

Afisa alichukua kalamu. Nthiwa alikuwa ameinama, mikono katikati ya magoti, na mabega yake yalikuwa yanatikisika bila sauti. Syokau alikwenda mpaka mezani akasema tena kwamba ni yeye, akasema kwa Kiswahili, akasema kwa Kikamba, akatoa kikopo mkobani akakiweka juu ya karatasi. Afisa alikisogeza taratibu kwa upande wa mkono, asije akachafua, akaendelea kuandika.

*

Ndege ilirudi Riruta kwa lori, mabawa yakiwa yamefunguliwa. Majirani walitoka kutazama, na waliocheka walicheka kwa heshima. Iliwekwa palepale ilipozaliwa, nyuma ya nyumba. Kimanzi alipata kazi ya kupeleka mizigo kwa pikipiki, Loresho na kwingineko. Alikuwa mwema kwa mamake, mwema sana, akimletea mkate na kumuuliza kama amekula, na hakutaja siku ile hata mara moja. Syokau angependa amtukane.

Jioni moja alimkuta Nthiwa ameketi kwenye kibao kando ya ndege, hafanyi kitu. Alivuta kindoo akakigeuza, akaketi karibu naye.

"Nieleze," alisema.

"Nikueleze nini?"

"Zile tundu. Zinafanya nini."

Nthiwa aliweka kidole kwenye kile kisahani cha bati. "Hewa ya chini ni nzito," alisema. "Ukipanda inakuwa nyepesi. Hapa ndani kuna mpira mwembamba, unaenda mpaka kwa geji. Geji inapima tu hewa ya nje ni nzito kiasi gani, inajua uko wapi. Ukiziba hapa, ile hewa ya chini inafungiwa ndani. Hata ukipanda, geji inafikiri bado uko nyumbani."

Syokau alingoja.

"Endelea," alisema.

"Imeisha."

"Imeisha? Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

Syokau alipiga hesabu ya maneno yale kichwani. Maji ya chai aliyoyabandika jikoni yalikuwa hayajachemka tangu waanze. Ndani ya nyumba Kimanzi alikuwa amerudi kutoka kazini, walimsikia akivua buti zake, moja, kisha ya pili.

"Hiyo ningeelewa," Syokau alisema.

Kidole cha Nthiwa kilikuwa bado juu ya tundu, kimeliziba.